Baiskeli ya umeme kisiwani Mombasa: ufukoni panda, Mji wa Kale shuka

Kisiwa cha Mombasa hakina mlima wa kumtoa mtu pumzi, na anayeambiwa kwamba siku hizi baiskeli za umeme zinakodishwa karibu na Fort Jesus, kwa ziara ya nusu siku yenye mwongozaji, ana haki ya kuuliza mota hiyo ina kazi gani. Jibu nililolipata ni joto. Kuanzia Januari hadi Machi hewa ya mchana hupita nyuzi 30 na unyevu wa bahari huzuia jasho kukauka, kwa hiyo anayeendesha baiskeli ya kawaida kutoka Mji wa Kale hadi eneo la ufukoni la Lighthouse hufika shati limemganda mgongoni, hali isiyomfaa mtu anayekusudia kuingia makumbusho, kusalimia wazee barazani au kuswali Adhuhuri njiani. Kwa baiskeli ya umeme mguu hufanya kazi ndogo, upepo wa mwendo humpoza mpandaji, naye hufika akiwa na sura ya kukaribishwa.

Baiskeli yenyewe ni ya aina rahisi. Ina mota ya wati 250 iliyofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, betri ya volti 36 iliyofungwa kwenye fremu, breki za diski mbele na nyuma, na viwango vitatu vya msaada vinavyochaguliwa kwa kibonye kilicho karibu na mkono wa kushoto. Mota huacha kusaidia mwendo unapofika kilomita 25 kwa saa, sawa na kanuni za nchi za Ulaya, na kuanzia hapo kasi yoyote ya ziada ni ya miguu yako. Betri ya namna hiyo yenye ampea-saa 10 hubeba wati-saa 360, na kwa kuwa mpandaji anayesaidiwa kwa kiasi hutumia wati-saa 10 hivi kwa kila kilomita, inatosha kilomita 30 na ushei, ilhali mzunguko wote wa ziara haufiki nusu ya masafa hayo. Anayehofia kuishiwa na chaji katikati ya safari anajisumbua bure. La kufikiriwa ni uzito, maana baiskeli za aina hii hupita kilo 20, na anayelazimika kuinyanyua penye ngazi hatausahau uzito huo upesi.

Kasoro yake kubwa imo katika kihisio. Baiskeli za bei ya juu hupima nguvu ya mguu, na mota ikasaidia kwa kadiri ya nguvu hiyo. Hizi hutambua tu kwamba pedali zinazunguka. Kwa hiyo mota huchelewa kidogo, kisha huja kwa mkupuo. Kwenye barabara iliyonyooka jambo hili halina madhara, lakini penye watoto, paka na mikokoteni lina madhara, na ndilo linaloamua ni sehemu gani za mji huu zinafaa kupitwa kwa mota na zipi hazifai.

Ziara huanzia mbele ya Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, Waomani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa takriban miaka mitatu, Waingereza wakaifanya gereza, na UNESCO ikaiorodhesha katika urithi wa dunia mwaka 2011. Ratiba inaipa ngome hii maelezo mafupi ya nje ya lango na picha ya pamoja, na tiketi ya kuingia haimo katika ada. Hesabu hiyo ina mantiki, kwa sababu ngome inataka nusu siku yake peke yake, ila mgeni aelezwe mapema badala ya kugundua mlangoni.

Kutoka hapo msafara hupita Kizingo na kuingia Mama Ngina Drive, na hapa huduma hii inastahili kila sifa. Barabara hufuata ukingo wa mwamba wa matumbawe, mibuyu mikongwe ikiwa upande mmoja na Bahari ya Hindi upande wa pili, na tangu eneo hilo lilipokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019 kuna nafasi pana za kupumzikia. Meli za makontena zinazoelekea Kilindini hupita karibu kiasi kwamba maandishi ya ubavuni husomeka bila darubini. Kusi inapovuma, anayeelekea kusini hupokea upepo kifuani, na hapo ndipo kiwango cha tatu cha msaada kinapojilipia: yule aliyezoea kupambana na upepo huo kwa baiskeli ya chuma tupu ataona kana kwamba kuna mtu anamsukuma kwa nyuma. Kwa mwendo huo wa wastani mtu husikia mawimbi, hunusa chumvi, na huweza kusimama ghafla bila kuomba ruhusa ya dereva, mambo ambayo tuktuk haitoi na basi la watalii haliwezi kutoa kabisa.

Kuna safari ya asubuhi na ya alasiri, nami naipendelea ya alasiri. Asubuhi jua bado ni pole na barabara ni tupu, lakini wauza madafu, kachiri na mihogo ya pilipili na ndimu pale Lighthouse huwa wengi wao hawajatandika meza zao, na Lighthouse bila mihogo ni bahari tu. Jumapili jioni hata hivyo iepukwe, kwa sababu familia hujaa kiasi kwamba baiskeli inakuwa mzigo wa kusukuma.

Sehemu ambayo ningeifuta katika ratiba ni ile ya kutoka feri ya Likoni kupitia Nyerere Avenue hadi Moi Avenue ili kuziona zile pembe za ndovu. Pembe hizo, zilizowekwa mara ya kwanza mwaka 1952 kwa ajili ya ugeni wa kifalme wa Uingereza na baadaye zikaundwa upya kwa alumini, ni alama ya mji na kila mtu anataka picha yake. Lakini barabarani hapo hakuna njia ya baiskeli, matatu husimama popote palipo abiria, bodaboda hupenya kushoto na kulia, na mgeni ambaye mkono wake haujazoea kibonye cha mota hana sababu ya kufundishiwa pale. Mwongozaji wetu alijitahidi, akatupanga mstari mmoja na kufunga nyuma yeye mwenyewe. Bado niliona wenzangu wamekaza vidole kwenye breki njia nzima. Anayetaka picha ya pembe na apande tuktuk.

Mji wa Kale ulikuwa na jibu lake. Kwenye Ndia Kuu mwongozaji alituamuru tuzime mota, tushuke na kusukuma, nami namsifu kwa uamuzi huo kuliko kwa jambo lingine lolote. Vichochoro vya huko vilijengwa kwa ajili ya watu na punda, watu wameketi barazani kwa mazungumzo yao, na baiskeli inayoruka mbele yenyewe ni utovu wa adabu hata isipomgonga mtu. "Hodi wazee wangu, twapita," alikuwa akisema kila tulipokaribia baraza, na wazee wakajibu, "Piteni, piteni." Kwa miguu tuliweza kuitazama roshani moja baada ya nyingine, nakshi za milango, mnara wa Msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa kuwa wa karne ya 16, na Leven House iliyo juu ya ngazi za kuteremkia majini. Ijumaa adhuhuri mitaa ya karibu na misikiti hujaa waumini, kwa hiyo siku hiyo ziara ipangwe alasiri au iahirishwe.

Kuhusu utunzaji, nilikuta minyororo imetiwa mafuta na haina kutu, jambo si dogo mahali ambapo hewa ya chumvi hula chuma na viunganishi vya betri bila kupumzika. Sikupenda kuona baiskeli za akiba zimepangwa juani na betri zake, kwa kuwa joto hufupisha maisha ya betri za lithiamu, na mteja wa mwakani ndiye atakayelipia uzembe huo kwa chaji isiyodumu. Kofia ngumu zipo za saizi mbili tu, na kwa kichwa cha mtoto zote mbili ni kubwa, kwa hiyo mwenye watoto abebe zao.

Ada ya nusu siku ni mara kadhaa ya ile ambayo tuktuk ingetoza kwa njia hiyo hiyo. Kwa sababu ya Mama Ngina na mwongozaji mwenye adabu niliilipa bila kinyongo. Kwa wakazi, hata hivyo, ingefaa wakodishe baiskeli kwa saa, bila mwongozaji, kwa ufukwe peke yake, huduma ambayo kwa sasa haipo. Mezani walitaka kubaki na kitambulisho changu halisi kama rahani. Nilikataa, wakakubali nakala pamoja na amana ya fedha, na amana ikarudishwa papo hapo baada ya baiskeli kukaguliwa. Nawashauri wengine wadai utaratibu huo kabla ya kutia sahihi.