Rangi ya VHT kwa vitovu vya diski za breki: tathmini kutoka kwenye Impreza WRX STI ya Mombasa

Rangi ya kupuliza ya chapa ya VHT, ile iliyotengenezwa mahususi kwa kalipa (vibanio vinavyozisukuma pedi dhidi ya diski), diski na dramu za breki, ndiyo niliyoichagua kurudishia sura vitovu vya diski za Subaru Impreza WRX STI inayotumika Mombasa. Nimeiona ikipita masika na kaskazi, vumbi la pedi na hewa ya chumvi isiyokoma, na ninaipendekeza kwa moyo mkunjufu kwa yeyote aliye tayari kukiandaa chuma kabla ya kushika kopo. Asiye tayari kwa maandalizi hayo asiinunue, kwa kuwa hakuna rangi ya breki, hata iwe ghali namna gani, inayoshika juu ya kutu na mafuta.

Diski ya breki ina uso mpana unaobanwa na pedi, na katikati yake pana kitovu kilichoinuka, ambacho hukaa juu ya habu (kiini kinachozunguka na gurudumu) na kupitiwa na studi tano za gurudumu. Kwenye STI yenye kalipa za Brembo, diski ya mbele ina kipenyo cha milimita 326 na ya nyuma milimita 316, na rimu zake za inchi 17 zenye spoku nyembamba hazifichi kitu. Diski hizo ni za chuma cha kalibu, ambacho watengenezaji hukipenda kwa sababu kinastahimili joto, kinatuliza mtetemo na hakigharimu sana, lakini hakina kinga yoyote dhidi ya unyevu. Uso unaobanwa husafishwa na pedi kila dereva anapokanyaga breki, ilhali kitovu hakiguswi na pedi, hivyo kutu hujikalia humo kwa raha. Ndiyo maana mtu anaweza kuliosha gari, akaling'arisha mwili wote, kisha akakuta nyuma ya rimu kalipa ya dhahabu imepakana na kitovu cha rangi ya udongo mwekundu.

Kutu hiyo ya juu juu haipunguzi nguvu ya breki, na fundi anayemwambia mteja kuwa gari lake li hatarini kwa sababu ya kitovu chenye kutu anamtisha bure. Hili ni suala la sura. Hata hivyo, silioni kuwa dogo: waliolibuni gari hili walizipaka kalipa rangi ya dhahabu kwa sababu walitaka zionekane, na kuiacha sehemu iliyo jirani nazo ioze ni kuikatili kazi yao.

Kwa maelezo ya mtengenezaji, rangi hii huhimili joto la hadi nyuzi 482 za Selsiasi kwa vipindi, na haidhuriwi na mafuta ya breki, vumbi la pedi wala chumvi. Mtu anaweza kuuliza kama kiwango hicho kinatosha, kwa kuwa uso wa diski unaweza kuvuka nyuzi 500 gari likiendeshwa kwa kasi kubwa na kufungwa breki mfululizo. Kinatosha, kwa sababu joto huzaliwa kwenye uso unaobanwa, na hadi lifike kwenye kitovu huwa limepungua sana. Rangi ya kawaida ya chuma, inayouzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi, haiwezi kushindana hapo. Niliwahi kuiona ya bei rahisi kwenye gari jingine la aina hii: iligeuka manjano, ikapasuka, kisha ikabanduka vipande vipande, na kitovu kikabaki na mabaka yaliyochukiza kuliko kutu yenyewe.

Sehemu kubwa ya kazi ni maandalizi. Nilizivua diski zote, kwa sababu kupuliza rangi diski ikiwa ingali kwenye habu huacha pembe ambazo brashi haifiki na kuhatarisha pedi na kalipa. Kalipa ikishafunguliwa ifungwe kwa waya kwenye springi ya gari, isiachwe ikining'inia kwa mpira wa mafuta ya breki, kwani mpira huo haukutengenezwa kubeba uzito. Diski iliyogandamana na habu kwa kutu haihitaji nyundo: diski za Subaru zina matundu mawili yenye hesi ya boliti za milimita 8, na ukizikaza boliti mbili humo kwa zamu, diski hujisukuma yenyewe ikatoka taratibu. Kwa diski za nyuma sharti handibreki iwe imeachiliwa, kwa sababu ndani ya kitovu cha diski hizo mna viatu vya handibreki.

Baada ya hapo ni brashi ya waya, kisha msasa wa kukwaruza, kisha msasa laini zaidi, hadi kutu yote iliyolegea itoke na chuma kionyeshe rangi yake ya kijivu. Vishimo vidogo vilivyobaki na weusi havina madhara ikiwa hakuna unga unaotoka ukivisugua kwa kidole. Vumbi la breki lisipulizwe kwa upepo wa kompresa, maana halifai kuvutwa kifuani. Afadhali lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na mfanyakazi avae barakoa. Mwisho diski yote ioshwe kwa dawa ya kusafishia breki na isiguswe tena kwa mikono mitupu, kwa kuwa jasho la kidole linatosha kuifanya rangi ibanduke mahali hapo.

Jambo ninalotaka msomaji alishike kwa nguvu kuliko mengine yote ni mahali ambapo rangi haipaswi kufika. Upande wa ndani wa kitovu, pale unapokutana na habu, lazima ubaki chuma kitupu na safi. Diski inatakiwa kuzunguka bila kuyumba zaidi ya sehemu chache za mia za milimita, na tabaka la rangi lisilo sawa, au hata punje ya kutu iliyoachwa hapo, linatosha kuipinda njia yake. Dereva hataliona kosa hilo siku ya kwanza. Pedi zitaendelea kuugusa uso wa diski mahali palepale kila mzunguko, unene wa diski utaanza kutofautiana, na baada ya muda usukani utatetemeka kila anapofunga breki akiwa kwenye mwendo wa kasi. Watu wengi husema kwamba diski imepinda kwa joto, kumbe mara nyingi chanzo chake ni uchafu uliokuwa kati ya diski na habu.

Upande wa nje nao una eneo la kuheshimiwa, nalo ni pale rimu inapolalia. Rangi iliyobanwa kati ya rimu na diski husagika na kupungua unene, na nati zilizokazwa vizuri hulegea bila mtu kuzigusa. Eneo hilo ni rahisi kulitambua, kwa kuwa rimu huacha alama yake juu ya kitovu. Nililifunika kwa tepu ya karatasi nikiufuata mstari huo, nikakata kingo kwa wembe. Halionekani rimu ikishafungwa, kwa hiyo kutolipaka hakupunguzi uzuri hata kidogo. Uso unaobanwa na pedi nao ufunikwe pande zote mbili. Kwa diski za nyuma, ndani ya kitovu kusiingie tone, kwa sababu ukuta ule ndio dramu ambayo viatu vya handibreki huisukuma. Fundi yeyote anayekuahidi kupaka diski bila kuzivua na bila kufunika maeneo haya, mshukuru na uondoke.

Kupuliza kwenyewe ni raha. Rangi hutoka kwenye kopo kwa ukungu mwembamba ulio sawa, na haimiminiki ovyo ikiwa mkono unatembea. Nilianza na matabaka mawili mepesi, kila moja likisubiri kidogo kabla ya jingine, kisha nikamalizia kwa tabaka zito kiasi, na kopo moja lilitosha vitovu vyote vinne. Pwani kuna adui mmoja wa ziada, yaani unyevu wa hewa, ambao huiacha rangi ikiwa na weupe wa ukungu badala ya mng'ao. Saa za kabla ya adhuhuri, katika siku kavu za kaskazi, ndizo nzuri zaidi. Siku ya mawingu mazito ni bora kuiahirisha kazi.

Rangi ikikauka kwa kuguswa haijawa tayari. Hupata ugumu wake kamili inapopashwa joto la takriban nyuzi 93, na mwenye jiko la umeme la gereji anaweza kufanya hivyo kabla ya kufunga diski. Jiko linalopikiwa chakula lisitumike kabisa, kwa sababu ya mvuke wa rangi. Asiye na jiko huliachia gari lenyewe kazi hiyo: baada ya rangi kukauka vya kutosha, breki hupashwa taratibu kwa kufungwa kidogo kidogo katika mwendo wa wastani, kisha huachwa zipoe bila kusimamishwa ghafla. Mteremko wa barabara ya Nairobi kutoka Mazeras kushuka Mombasa unafaa, ilmradi uwe umechagua saa ambayo malori ni machache. Kabla ya hayo yote nati zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiwango cha kitabu cha gari.

Rangi niliyoipenda ni ya fedha, kwa sababu inakaribiana na kinga ya kijivu inayopakwa kiwandani kwenye diski za ubora wa juu, na inaiacha kalipa ya dhahabu itawale. Nyeusi huficha vumbi la pedi vizuri zaidi na itampendeza mtu asiyeosha rimu mara kwa mara. Nyekundu kwenye kitovu siipendekezi. Inapiga kelele mahali panapohitaji utulivu. Hadi sasa rangi imeshika sawasawa ubavuni mwa kitovu na kwenye mkunjo wake, maji ya kuoshea gari hayaiachi na michirizi ya kahawia kwenye rimu, na vumbi la pedi linatoka kwa sabuni ya kawaida na brashi laini. Dawa za kuoshea rimu zenye asidi nimeziweka mbali nayo, kwa vile huila rangi na chuma pia.

Kwa anayetaka umaliziaji mzito zaidi, iko rangi ya breki ya chapa ya G2, inayokuja ikiwa na kigumu chake cha kuchanganya, nayo hupakwa kwa brashi. Inafaa sana kwa kalipa, lakini kwenye kitovu naona ule unene wake unadai uangalifu zaidi katika kingo, na ikishachanganywa haiwezi kuwekwa kwa ajili ya siku nyingine. Kopo la VHT lililobaki, kinyume chake, hugeuzwa juu chini, likapulizwa hadi mdomo wake usafike, na kuhifadhiwa kwa marekebisho madogo.

Kabla ya kununua, mtu apime unene wa diski zake na kuulinganisha na kipimo cha chini kilichochongwa kwenye diski yenyewe. Zikiwa zimekikaribia, fedha ya rangi na nguvu za mikono ziingizwe katika diski mpya zilizokwisha pakwa kinga kiwandani, kama zile za Zimmermann zenye kinga ya Coat Z au za Brembo zilizokaushwa kwa mwanga wa urujuanimno, ambazo hufungwa kama zilivyo na pedi huisafisha kinga hiyo kwenye uso wa kubanwa katika safari za mwanzo.