UPS ndogo ya ruta: imenifaa, ila usiamini kila kilichoandikwa kwenye boksi

Kazi yangu ni kutunza hesabu za wateja nikiwa nyumbani, Kimara, Dar es Salaam, na mfumo tunaoutumia uko mtandaoni. Intaneti ikikata, hata risiti moja siingizi. Laptopu yenyewe ina chaji ya kutosha, umeme ukikatika haishtuki. Kinachozimika ni ruta, kile kiboksi cha Wi-Fi. Uko kwenye kikao, mteja anauliza kwa nini VAT ya mwezi uliopita imepanda, umeme unakwenda, na yeye anabaki kukutazama umeganda mdomo wazi. Mpaka uwashe data ya simu na kuhamia dirishani mtandao unakoshika, wenzako wameshafika mengineyo. Sasa weka hilo tarehe 20, siku ya mwisho ya ritani za VAT.

Ndiyo maana nikanunua hiki kisanduku cheupe, kinaenea kiganjani, Kariakoo wanakiita mini UPS. Ndani kina betri za lithiamu. Adapta ya ruta unaichomeka upande mmoja, na upande wa pili unatoka waya mfupi kwenda kwenye ruta. Kuna tundu la volti 12, la volti 9, na la USB la volti 5. Umeme ukikatika, taa za ruta hazipepesi hata kidogo. Mara ya kwanza nilijua umeme umekatika kwa sababu feni ilinyamaza; kikao kiliendelea kama kawaida.

Wengi wataniuliza kwa nini sikuchukua UPS ya kompyuta, ile nzito. Ile inachukua umeme wa betri, inaupandisha hadi volti 230, halafu adapta ya ruta inaushusha tena hadi 12. Huko kupanda na kushuka kunakula chaji bure. Na inapiga kelele muda wote umeme ukiwa haupo. Jaribu kuongea na mteja hapo.

Tuje kwenye saa, maana hapa ndipo wauzaji wanapotia chumvi. Niliambiwa, "Dada yangu, hii saa nane unakula bila wasiwasi." Boksi limeandikwa 10,400 mAh, yaani ampea-saa 10.4, namba inayotamanisha. Lakini namba hiyo ni ya betri zenyewe, za volti 3.7. Zidisha 10.4 kwa 3.7, unapata kama wati-saa 38. Ruta ya kawaida ya nyumbani inakula wati saba, nane hivi, na sehemu ya chaji inapotea kwa kupandishwa hadi volti 12. Piga hesabu mwenyewe: ni saa nne, pengine pungufu. Yangu inanipa tatu na ushee. Zinanitosha, ila si nane.

Jambo jingine la kujua ni kwamba kifaa hiki kinamfaa zaidi mwenye faiba, ile intaneti inayokuja kwa waya wa mwanga. Kati ya kituo cha mtoa huduma na nyumba, vigawanyio vya faiba kwa kawaida havitumii umeme kabisa. Ni mwanga tu unapita. Mtaa mzima unaweza kuwa gizani na intaneti ikaja, mradi kule kituoni kuna umeme na ruta yako iko hai. Ukiwa unatumia laini ya simu kwenye ruta, unategemea mnara, na betri za mnara nazo zina mwisho wake. Na kama kiboksi kinachopokea faiba ni kifaa tofauti na ruta, vyote viwili vinahitaji umeme, kwa hiyo ulizia waya wa kugawa na ujue saa zitapungua.

Kasoro zipo. Baada ya umeme kukatika muda mrefu, kinapojaza chaji kinapata moto. Nimekiweka juu ya kipande cha kigae, si kwenye kitambaa cha meza. Kinajaza taratibu kwa sababu ruta nayo inakula wakati huohuo, hivyo umeme ukirudi nusu saa na kuondoka tena, hutapata saa tatu. Swichi iko ubavuni, wazi, ukipangusa vumbi unaizima. Na pini ya waya waliotoa ilikuwa inachezacheza kwenye ruta yangu: matundu haya yanafanana kwa nje, lakini kwa ndani kuna ya milimita 2.1 na ya 2.5. Ukigusa meza ruta inazima na kuwaka upya. Fundi alinibadilishia pini, ikaisha.

Kwa hiyo nenda dukani na ruta yako. Igeuze, soma chini imeandikwa volti ngapi, maana ruta ya volti 9 ukiichomeka kwenye tundu la 12 unaweza kuiunguza. Mwambie muuzaji aunganishe, achomoe adapta ukutani, mkae kidogo mnaangalia. Mimi nililipa 75,000 kutoka 90,000. Nilipotaka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikaambiwa bei inarudi juu. Nikamwambia, "Kaka yangu, umekutana na mhasibu." Risiti ilitoka, na warantii ya miezi sita ikaandikwa nyuma yake kwa kalamu.

Nyota nne. Kero iliyobaki si ya kifaa: watoto wa jirani wamegundua kwamba umeme ukikatika, kwetu intaneti ipo, na varanda inajaa simu. Mfumo ukaanza kuburuza. Nimebadilisha neno la siri, nawapa tena jioni nikishafunga kazi.