Brashi ya upepo ya 85,000 kutoka Kariakoo: kwa Spitfire sawa, kwa Messerschmitt bado

Mashine hii ya kupulizia rangi haikutengenezwa kwa ajili ya ndege za modeli, hizi ndogo za plastiki ninazounda. Niliiona mara ya kwanza kwa dada anayekaa ghorofa ya chini yetu hapa Sinza, anayepamba keki. Nikamuuliza, "Dada, hiki kidude umekitoa wapi?" Akanielekeza Kariakoo, duka la vipodozi, maana wateja wake wakubwa ni watu wa kucha. Muuzaji alianzia 120,000, tukavutana, nikaondoka nayo kwa 85,000. Ndani ya boksi kuna kalamu ya kupulizia yenye sindano ya milimita 0.3, kikombe cha rangi, na kimota cha kuchaji kinachofungwa chini yake. Hakuna geji ya kupima nguvu ya upepo, hakuna tangi la upepo, hakuna chujio la maji. Wakati huo sikuona kama ni tatizo.

Niliijaribu kwenye Spitfire Mk. IX, ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, ya skeli ya 1:72, yaani ndogo mara 72 kuliko ile halisi, ambayo ncha ya bawa hadi ncha ni kama sentimita 15 na nusu tu. Kuanzia Agosti 1941 Waingereza waliondoa ile kahawia ya Dark Earth kwenye ndege zao za kivita za mchana, wakaweka kijivu cha Ocean Grey pamoja na kijani cha Dark Green juu, na tumbo kijivu chepesi cha Medium Sea Grey, kwa sababu mapigano yalikuwa yamehamia juu ya bahari na Ufaransa. Na mabaka yale ya kuificha ndege hayakupakwa kiholela. Kulikuwa na mchoro rasmi, kila kona ina mahali pake. Kwa hiyo nilichukua karatasi ya maelekezo, nikaenda stesheneri kutoa kopi ya ukubwa uleule wa modeli, nikaikata kwa wembe na kuhamishia mistari kwenye plastiki kwa penseli.

Rangi zangu ni za kampuni ya Tamiya: XF-83 (Medium Sea Grey) tumboni, XF-82 (Ocean Grey) juu, mwisho XF-81 ya kijani. Isiyokolea kwanza, iliyokolea baadaye, na katikati unalala usiku mmoja. Nilichanganya nusu kwa nusu na thina yao ya X-20A, mpaka rangi ikateleza kikombeni kama maziwa. Hapo ndipo joto la Dar lilinifundisha adabu. Thina ile ina alkoholi, inaruka haraka. Saa nane mchana rangi ilikuwa inakauka hewani kabla haijafika kwenye bawa, ikatua kama vumbi. Ukipitisha kidole unasikia msasa. Siku iliyofuata nilipuliza baada ya swala ya alfajiri, feni imezimwa, na matone mawili ya dawa ya kuchelewesha kukauka. Ikatulia.

Kwa mabaka nilitumia ile gundi laini nyeupe ya kubandikia mabango ukutani. Unaiviringisha kama tambi nene, unaipanga juu ya mstari wa penseli, kisha katikati unajaza masking tepu. Ukipuliza wima juu yake, mpaka wa rangi unafifia kidogo sana. Na inatakiwa iwe kidogo kweli: hata kama kwenye ndege halisi rangi zingeingiliana kwa inchi nzima, kwenye 1:72 hiyo ni theluthi ya milimita. Wengi tunaharibu hapa, ndege inatoka kama imepigwa picha kwenye ukungu. Ila gundi usiiache ilale kwenye modeli. Kwa joto letu inalainika na kuacha mafuta. Ibandue rangi ikishashika tu.

Kwa kazi hiyo mashine ilinifurahisha. Chaji ilinipeleka kama dakika 40, na siku umeme ulipokatika niliendelea bila wasiwasi. Kelele yake haimwamshi mtoto.

Balaa lilikuja kwenye bawa la kushoto. Hewa yetu imejaa unyevu, mota inaikandamiza, maji yanajikusanya ndani, na chujio hakuna. Ikatema tone moja kubwa katikati ya kijani kibichi. Nilifuta kwa pamba na spiriti, nikarudia upya, jioni nzima ikapotea.

Halafu nikajaribu mabaka ya Messerschmitt Bf 109, ndege ya kivita ya Wajerumani wa vita ileile, kwenye kipande cha plastiki. Yale ya ubavuni ni madoadoa ya kijivu yanayopulizwa kwa mkono mtupu, na doa la sentimita 20 kwenye skeli hii halifiki milimita 3. Unahitaji upepo mdogo, uliotulia, na kalamu karibu kabisa na plastiki. Hii bila tangi inahema kama mtu aliyepanda ngazi za Kariakoo na gunia. Kila doa likawa na miguu ya buibui. Fundi rangi mmoja wa Gerezani alipoishika alicheka: "Kaka, huwezi kupuliza bila kurekebisha upepo." Ana haki.

Ukitaka ndege za mabaka makubwa yenye mipaka, inunue. Ukitaka madoadoa ya Kijerumani, weka akiba ya kompresa yenye tangi na geji. Messerschmitt yangu inasubiri juu ya kabati.

Yule dada juzi yake iliharibika, akaja kuniazima yangu kwa keki ya harusi. Nikamwambia, "Hapana dada, siwezi kuwalisha waalikwa Ocean Grey."