Tuisheni ya hesabu ya kidato cha kwanza, Ngamiani: niliyoyaona

Kama una mtoto kidato cha kwanza au cha pili hapa Tanga na unamtafutia tuisheni ya hesabu, soma hapa kabla hujatoa hela. Kituo sikitaji.

Binti yangu alimaliza la saba shule ya serikali, hesabu anazipenda. Kufika sekondari masomo karibu yote Kiingereza, daftari likaanza kurudi jekundu tupu. Muhula wa kwanza ulipofika katikati nikampeleka tuisheni. Ada unalipa mapema, stakabadhi mpaka uidai. Hayo niliyavumilia.

Siku moja walikuwa kwenye namba hasi. Mwalimu kaandika ubaoni kwamba hasi mbili mara hasi tatu ni chanya sita, akataka kupita. Binti yangu akanyoosha kidole, akauliza kwa Kiswahili: "Mwalimu, kwa nini inakuwa chanya?" Akajibiwa mbele ya darasa zima: "Hiyo ni kanuni, kariri. Kama kichwa hakibebi, waambie kwenu wakupeleke ukajifunze kushona." Wenzake wakacheka. Alirudi nyumbani hata chakula hakugusa.

Nikaenda. Nikamsalimia kwa adabu, nikamweleza. Macho hakuyatoa kwenye simu. "Mama, watoto ni wengi humu. Nikianza kueleza kwa nini, silabasi itaisha lini?"

Jamani, hiyo "kwa nini" ndiyo hesabu yenyewe! Anayekariri ishara leo, akikutana na mabano yenye hasi nje atakwama, na milinganyo itamshinda. Kidato cha pili mtihani wa taifa wa NECTA unamsubiri, na wastani ukiwa chini sana anarudia darasa. Nani atakayelia siku hiyo, mwalimu au mimi?

Na kushona! Cherehani ndiyo iliyolipa ada yake. Akija mteja mwenye kiuno cha sentimita 66 anataka sketi ya duara kamili, nagawa 66 kwa mara mbili ya 22/7, napata 10.5, hiyo ndiyo nusu kipenyo ninayochora kwenye kona ya kitambaa kilichokunjwa mara nne. Nikikosea hapo, kitambaa cha mtu kimeharibika. Mzingo wa duara mwalimu huyohuyo anawafundisha watoto, halafu anayeutumia kila siku anamfanya mfano wa mjinga.

Haki lakini niiseme. Jumamosi kuna kijana wa chuo anakuja kufundisha, mpole, na Kiswahili anaruhusu. Binti yangu alimuuliza swali lilelile. Kijana akamwandikia kwenye daftari, mstari chini ya mstari:

2 × (−3) = −6
1 × (−3) = −3
0 × (−3) = 0

Akamwambia aangalie majibu: kila ukishuka mstari, linaongezeka 3. Basi endelea kushuka. Mtoto mwenyewe akaandika (−1) × (−3) = 3, kisha (−2) × (−3) = 6. Jioni alinionyesha kabla hata hajavua viatu. Daftari hilo ninalo, na kwa mistari hiyo mitano peke yake ningesema mpelekeni mtoto, hela yenu haipotei.

Ndivyo nilivyotaka kumalizia. Nikamwendea mwenye kituo, nikamwomba mtoto asome Jumamosi tu. Akakubali, ila ada ni ileile ya wiki nzima. Na yule wa katikati ya wiki? "Huyo ndiye anayejaza darasa, dada."

Basi hapana. Siwezi kumwambia mzazi mwenzangu ampeleke mwanawe pale, labda apate nafasi kwa yule kijana, nayo nafasi ni ya kugombania. Mimi nimelipa, kwa ajili ya Jumamosi. Lakini mwanangu alitukanwa mbele ya watu, na mbele ya watu walewale ndipo anapostahili kuombwa radhi. Mpaka leo hajaombwa.