Adapta ya RS485: ile ya bei chee au yenye kinga? Tunaunganisha mita na inveta

Haya wakuu, karibuni mezani. Leo hakuna simu wala spika. Nina vidude viwili vya USB ambavyo dukani ungevipita bila kuvitazama, lakini ndivyo vinavyoamua kama Home Assistant yako, ile programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani, itasoma mita na inveta, au itabaki inakuambia kifaa hakipatikani.

Hiki cha bluu ndicho kile mnachokijua. Chipu ya CH340 inaongea na kompyuta, chipu nyingine inaongea RS485, yaani mawasiliano ya vifaa kwa waya mbili, na huku mbele kuna kiunganishi cha kijani chenye skrubu mbili, A na B. Basi, hakuna kingine. Hiki kikubwa ni cha Waveshare, kina RS485 pamoja na RS232 na TTL, njia nyingine mbili za vifaa kutumiana data kwa waya. Kasha ni la alumini, chipu ni ya kampuni ya FTDI, na upande wa USB umetenganishwa kiumeme na upande wa waya. Bei yake inazidi ya hiki kidogo mara kadhaa, na swali la video hii ndilo hilo: je, kuna sababu ya kuitoa hiyo hela?

Tuanze na kazi rahisi. Hii ni mita ya Eastron SDM120, ile nyembamba inayokaa kwenye reli ndani ya boksi la breka, inabeba hadi ampea 45. Nimeipeleka kwenye laini ya pampu ya maji, maana pampu ndiyo inayokula yuniti za LUKU huku wewe ukilaumu friji. Upande wa volti 230 siufungui mbele ya kamera: zima swichi kubwa, mwite fundi umeme, mwache afanye kazi yake. Sisi tuko kwenye waya hizi mbili nyembamba.

Kebo niliyotumia ni Cat5 ya kawaida ya mtandao. Ndani ina jozi nne zilizosokotwa. Chukua jozi moja, mfano bluu na nyeupe yenye mstari wa bluu, moja iende A, nyingine B. Usichukue bluu ukaichanganya na chungwa. Kusokotana kwenyewe ndiko kunakosaidia, kwa sababu kelele ikiingia inaziingia zote mbili sawasawa, na kipokezi kinasoma tofauti kati yao tu. Halafu usiipitishe kwenye bomba moja na waya za umeme.

Sogeza kamera hapa. Menya milimita tano au sita hivi, pindisha ncha ya waya, ingiza, kaza. Vuta kidogo. Ikitoka, rudia. Kwenye adapta hizi ndogo skrubu ni laini, na bisibisi kubwa inaharibu kichwa chake mara moja, kwa hiyo tumia ile ya miwani.

Sasa nachomeka, na… kimya. Taa ya kutuma inamulika, ya kupokea imezimika. Nimefanya makusudi, nimegeuza A na B, ili muone inavyokuwa. RS485 ilitoka mwaka 1983, na kiwango chenyewe kinaitaja A kuwa upande hasi, lakini watengenezaji wengi wa chipu wakaandika kinyume. Matokeo yake A ya mita inaweza kuwa B ya adapta, na hakuna mwenye kosa. Geuza tu waya, hakuna kitakachoungua. Haya, nimegeuza. Tazama: volti 228.

Ikigoma hata baada ya kugeuza, nenda kwenye mipangilio kabla hujaituhumu adapta. SDM120 inatoka kiwandani ikiwa kwenye baudi 2400, yaani kasi ya mawasiliano, si 9600 kama wengi wanavyoandika kwa mazoea. Biti nane, bila pariti (biti ya kukagua makosa), biti moja ya stopu, anwani namba 1. Na kuna mtego mwingine kwenye kitabu chake: volti zimeandikwa rejista 30001, yaani kisanduku cha namba ndani ya mita, lakini kwenye Home Assistant unaandika anwani 0, aina ya rejista ni input, na data ni float32, yaani namba yenye desimali. Nguvu ya wati iko anwani 12, yaani 0C ya heksadesimali. Ukiandika 30001 kama ilivyo utakaa hapo hadi alfajiri.

Kuhusu ile resista ya ohm 120 mnayoniuliza kila mara: inakaa kwenye ncha mbili za laini ndefu. Kwa mita tatu za waya na baudi 2400, wala usijisumbue. Ukifika kwenye laini ya mita mia na vifaa kadhaa, hapo ndiyo. Na vifaa vikiwa vingi, vipange kimoja baada ya kingine, waya uingie huku utokee kule. Usivute matawi kutoka katikati kila upande.

Kwa kazi hii ya mita moja, boksi liko ukuta ule ule na Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo inayoendesha Home Assistant, sijaona tofauti yoyote. Kidogo kinasoma, kikubwa kinasoma. Kama nyumba yako ndiyo hiyo, okoa hela yako.

Mambo yanabadilika tukihamia kwenye inveta. Hizi za Voltronic, Axpert na ndugu zake wanaouzwa kwa majina kibao, zina tundu linalofanana kabisa na la mtandao. Si la mtandao! Usichomeke ruta. Ni RS232, baudi 2400 tena. Kwenye Axpert nyingi pini 1 inatuma, pini 2 inapokea, pini 8 ni graundi, ila hakikisha kwenye kitabu cha modeli yako kabla ya kukata kebo. Inayotuma iende kwenye inayopokea ya adapta, na kinyume chake. Hiki cha bluu hakifai hapa kabisa, kinajua RS485 peke yake. Na tafadhali usiziunganishe moja kwa moja kwenye pini za Raspberry Pi. Zile ni za volti 3.3, na RS232 inaruhusiwa kufika hadi 15, chanya na hasi. Pi utaizika.

Kwenye Waveshare nimefunga waya tatu, nikatuma amri ya QPIGS, inayoomba hali ya sasa ya inveta, pamoja na herufi zake za ukaguzi, na jibu hili hapa: mabano, halafu mstari wa namba. Ya kwanza ni volti za gridi, ya pili ni masafa ya umeme wake kwa hezi.

Hapa ndipo kinga ya kutenganisha inapolipa. Inveta ina arthi yake, betri zake, paneli juu ya bati. Pi inakula umeme wa chaja kwenye soketi nyingine. Ukiunganisha graundi zao kwa waya mwembamba, umeme unaotafuta njia unaweza kupita humo hadi kwenye USB. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunaijua radi. Sisemi kidude hiki kitazuia radi iliyopiga paa lako, hakuna adapta inayofanya hivyo. Nasema graundi mbili zikitofautiana, Pi inabaki salama.

Kitu kingine kinachonifanya nikipende hiki kikubwa ni namba yake. CH340 haina namba ya pekee. Ukiweka mbili kwenye Pi moja ni mapacha waliopewa jina moja: umeme unakatika, unarudi, aliyeitwa ttyUSB0 kwenye Pi sasa anaitwa ttyUSB1, na mita ya pampu inaulizwa maswali ya sola. FTDI ina namba yake, kwa hiyo unaandika njia ya /dev/serial/by-id na habari imekwisha. Wenye CH340 mbili tumieni by-path, inayofuata tundu la USB lenyewe, kisha msizihamishe tundu.

Nisichokipenda kwenye Waveshare: ni kinene, kinaziba tundu la jirani kwenye Pi. Tumia kebo fupi ya USB. Pia skrubu zake ni nyingi na maandishi ni madogo, kwa hiyo soma mara mbili kabla ya kukaza, upande wa 485 na wa 232 uko karibu mno.

Kwangu hiki kikubwa kinabaki kwenye inveta, cha bluu kinabaki kwenye pampu. Mwenye inveta ya aina nyingine aniwekee hapo chini modeli yake na majina ya pini kama yalivyo kwenye kitabu.