Shule ndogo ya jujitsu ya Brazili na namna inavyompokea anayeanza

Karibu kila shule ya jujitsu ya Brazili, mchezo wa kupambana chini kwa kukaba na kufunga viungo, hujisifu kwa ukarimu, na kweli mlangoni tabasamu halikosekani. Shule hupimwa vizuri zaidi katika dakika 20 za mwisho wa kipindi, watu wanapoanza kupambana. Hapo mgeni ama hupewa mtu wa kumfundisha, ama huachiwa kijana wa kilo 90 anayetafuta shingo ya kukaba. Shule tunayoitathmini ni ndogo: ukumbi mmoja, mwalimu mkuu mwenye mkanda mweusi, na wasaidizi wawili, mmoja wa kahawia na mwingine wa zambarau (mikanda hupanda kutoka mweupe, bluu, zambarau, kahawia hadi mweusi). Kwa kipimo hicho imefaulu vizuri sana. Kwa vipimo vingine, imefaulu kwa sehemu.

Kipindi cha wanaoanza ni cha dakika 90. Dakika 15 za kwanza ni za kupasha mwili, na hakuna kukimbia kuzunguka ukumbi hadi watu waishiwe pumzi. Kuna kubingirika juu ya bega (kamwe si juu ya kichwa wala shingo), kuinua nyonga ukiwa chali, na kujisogeza kwa nyonga kutoka upande mmoja wa mkeka hadi mwingine. Zoezi hili la mwisho huwachosha wengi na wengine hulidharau, ingawa ndilo linalozaa karibu kila njia ya kutoka chini ya mtu. Kosa la kawaida ni kujisukuma kwa miguu huku makalio yakiburuta sakafuni. Mwalimu hapa hulirekebisha papo hapo: egemea bega na unyayo mmoja, nyanyua nyonga, kisha zirushe nyuma.

Mbinu hufundishwa kwa dakika 40 hivi, mbili tu kwa kipindi, nazo huendana. Mfano mzuri ni somo la kutoka chini ya mtu aliyekukalia. Shika mkono wake mmoja, kiganja kimoja kwenye kifundo na kingine juu ya kiwiko, uubane kifuani pako. Mguu wako wa upande huohuo unavuka nje ya mguu wake na kuufungia karibu na makalio yako. Ndipo unainua nyonga juu kabisa, ukilenga dari, na baada ya hapo unageuka juu ya bega la upande uliofungwa. Wanaoshindwa hushindwa kwa sababu mbili. Wa kwanza hugeuka kabla ya kuinua, kwa hiyo uzito wote unabaki kifuani. Wa pili husahau mguu, na aliye juu hutoa goti nje na kujizuia kuanguka. Wasaidizi wanapita jozi kwa jozi wakikagua hayo mawili tu, na hawamwagi maelezo kumi kwa mpigo. Mbinu ya pili ya siku hiyo ni ya kumtoa aliyekukalia kwa kiwiko na goti, kwa ajili ya yule mpinzani mjanja ambaye hatoi mkono ukamatwe. Mpangilio huo una akili: njia moja ikizuiwa, inafungua nyingine.

Mapambano ndiyo sehemu iliyotushawishi. Katika wiki za mwanzo mgeni hapambani huru. Anaanzia mahali maalumu, kwa mfano ndani ya gadi iliyofungwa (aliye chini amemzungushia miguu kiunoni), akiwa na kazi moja: avunje gadi na apite. Akipita, au akipinduliwa, wanarudi mwanzo. Mzunguko ni dakika 5, mapumziko dakika 1. Mwenzake huchaguliwa na mwalimu, na karibu kila mara ni mtu wa mkanda wa bluu au wa zambarau. Katika shule nyingi wageni wawili hupangwa pamoja kwa kudhani wanalingana, na hiyo ndiyo jozi ya hatari kuliko zote. Wote wawili hutumia nguvu zote, hakuna ajuaye aachie lini, na mmoja hujirusha juu ya goti la mwenzake bila kujua limewekwa wapi. Mkanda wa zambarau mwenye kilo 75 ni salama zaidi kwa mgeni kuliko mgeni mwenzake wa kilo 60.

Kuhusu kufuli za miguu, yaani kukunja kiungo cha mguu hadi mwenzako akubali kushindwa, sheria ya shule ni ile ya mashindano ya IBJJF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu: mkanda mweupe anaruhusiwa kufuli ya kifundo iliyonyooka tu. Kufuli za kupinda kisigino, ambazo hupindua goti, hazigusiki. Sababu inaelezwa wazi siku ya kwanza: kiwiko huuma kabla hakijaharibika, lakini kano za goti zinaweza kukatika kabla maumivu hayajafika. Kuruka na kujibandika kiunoni mwa mwenzako kumepigwa marufuku pia, na wenye magoti yao watashukuru.

Kugonga, yaani ishara ya kukubali kushindwa, kunafundishwa kama mbinu. Unamgonga mwenzako mwilini, mara mbili au tatu, mahali anapohisi. Kugonga mkeka pekee kunaweza kupotea katika kelele. Mikono ikiwa imebanwa, unasema kwa sauti au unapiga mguu sakafuni. Kwa upande wa anayefunga, kufuli huongezwa polepole, na kaba huachiwa mara tu mwili wa mwenzako unapolegea. Kaba ya mishipa ya shingo iliyokaa sawasawa inaweza kumzimisha mtu ndani ya sekunde 10 hivi, bila maumivu makubwa ya kumwonya. Mwalimu hupenda kutaja pambano la Rio de Janeiro la mwaka 1951, ambapo mwanajudo wa Japani Masahiko Kimura alimshinda Helio Gracie, mmoja wa waasisi wa jujitsu ya Brazili, kwa ile kufuli ya bega ambayo leo inaitwa kimura. Helio hakugonga, watu wake wa kona ndio waliosimamisha. Hadithi tamu, lakini kwa mtu anayetakiwa kushika kalamu kazini kesho yake si ya kuiga.

Usafi tunaupa alama za juu. Mikeka hupigwa deki kwa dawa ya kuua vijidudu baada ya kila kipindi, si mara moja kwa siku. Malapa yanaachwa ukingoni, na asiyeyavaa kwenda msalani harudi mkekani mpaka aoshe miguu. Kucha hukaguliwa. Mwenye choa au kidonda kinachotoa majimaji hurudishwa nyumbani hata akikifunika, kwa kuwa bandeji hufumuka katika dakika ya pili. Wengine huona hilo ni ukali. Shule isiyofanya hivyo hugawana choa darasa zima.

Mgeni anaazimwa gi, yaani koti na suruali nzito za mazoezi, kwa vipindi vya kwanza, zimefuliwa na zimekauka. Jambo dogo, lakini linampa muda wa kujua kama atabaki kabla hajanunua yake. Utakaponunua, nyoosha mikono mbele: mkono wa koti usipungue zaidi ya sentimita 5 kutoka kifundo cha mkono. Acha nafasi kidogo, maana pamba husinyaa hata ikiandikwa kuwa imeshasinyaishwa. Ifue kwa maji baridi na kuianika kivulini. Mashine ya kukaushia huigeuza gi ya mtu mzima kuwa ya mtoto. Ndani vaa fulana ya kubana, na usiache kinga ya meno. Pete, hereni na mikufu vinabaki kwenye begi.

Sasa mapungufu. Kwanza ni kusimama. Mapambano karibu yote huanzia magotini kwa sababu ukumbi hautoshi, na jozi zikizidi nane watu huanza kugongana mgongo. Matokeo yake, mwanafunzi anaweza kufika mkanda wa bluu akiwa na gadi nzuri na asijue kumwangusha mtu. Katika mashindano pambano huanza mkiwa mmesimama, na kuangusha kuna pointi 2, sawa na kumpindua mtu kutoka chini. Kupita gadi ni 3, kumkalia au kumshika mgongo ni 4. Kipindi kimoja cha mieleka au judo kwa wiki kingeziba pengo hilo, hata kama kingebidi kiwe cha watu wachache. Pili, mafunzo bila gi ni mara moja tu kwa wiki, na yanakuja usiku sana.

Tatu ni mikanda. Hakuna mtihani, mwalimu hutoa mistari kwenye mkanda anapoona inafaa, hadi minne, kisha mkanda unaofuata. Hilo ni la kawaida na halina kasoro, ila hapa maelezo ni haba mno, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawajui wanapimwa kwa kigezo gani. Angalau hakuna ahadi za kupata mkanda ndani ya miezi michache. Kwa kanuni za IBJJF mkanda wa bluu hautolewi kwa aliye chini ya miaka 16, na mwenye bluu kwa kawaida hukaa angalau miaka 2 kabla ya zambarau. Watoto wana safu yao: kijivu, njano, chungwa na kijani. Darasa lao ni la dakika 45, michezo mingi na kaba kidogo, na mzazi anaruhusiwa kukaa na kutazama wakati wote.

Mkataba ni wa mwezi kwa mwezi, na mwanafunzi aliyeumia anaweza kusimamisha malipo akileta cheti cha daktari. Kabla ya kutia saini, omba kipindi cha majaribio siku ya katikati ya wiki, jioni, ukumbi ukiwa umejaa. Jumamosi asubuhi watu ni wachache, na utaona shule iliyo bora kuliko ile utakayoilipia.