Ushauri wa bure kabla ya kurudi kazini ukiwa kwa SSDI: nyota 4 kati ya 5

Niko Minnesota, nilikua natunza wazee kwa nasingi homu hadi mgongo ukaharibika nikiinua mgonjwa, na sasa ni mwaka wa 4 napokea SSDI, zile pesa za ulemavu unazopata kwa sababu ulikatwa Social Security kwa mshahara miaka yote ukifanya kazi. Mwanzo wa 2025 nikapata kazi ya kupokea simu kwa kliniki ya meno, saa 20 kwa wiki, dola 16 kwa saa. Niliitaka sana jamani, kushinda kwa nyumba peke yako kunakumaliza. Lakini kila mtu niliyemuuliza kanisani aliniambia usijaribu, ukishika kazi hata siku moja wanakata zote.

Dada mmoja ndo akanipa namba ya hii huduma. Inaitwa WIPA, inalipiwa na Social Security yenyewe, ile ofisi ya serikali inayotoa hizi pesa, kwa hivo hutoi hata senti, na wanachofanya ni kukupigia hesabu pesa zako zitakuaje ukianza kazi. Ofisi ya kwetu inaendeshwa na shirika moja ambalo sitalitaja jina maana pia nina malalamiko.

Yule mama aliyenishughulikia kitu cha kwanza aliniambia niombe Social Security karatasi inaitwa BPQY, inaonyesha malipo yako na miezi ya kazi waliyokuandikia, na ilipokuja tukaona nishatumia miezi 2 ya majaribio bila kujua! Ni ile 2023 nilijaribu kurudi kazi ya wazee mgongo ukakataa, nilikua nimesahau kabisa. Iko hivi: una miezi 9 ya majaribio ndani ya miaka 5, si lazima ifuatane, na mwezi wowote wa 2025 ukipata zaidi ya dola 1,160 huo umeenda, lakini SSDI yako inakuja yote bila kuguswa hata ukipata ngapi. Na ni pesa kabla ya kodi, mimi nilikua naangalia zinazoingia benki. Tena wanahesabu mwezi uliofanya kazi sio mwezi uliolipwa, weka pesilipu zote.

Hiyo 9 ikiisha, kiwango cha kutopita kwa mwezi kinapanda hadi 1,620 (ya 2025), na hapo kuna miezi 36 ambayo mwezi ukibaki chini unalipwa, ukipita hulipwi, ila mara ya kwanza ukipita wanakuachia huo mwezi na 2 inayofuata. Medicare, ile bima ya matibabu, nayo inaendelea angalau miezi 93 baada ya majaribio. Hapo kwa Medicare nililia kwa simu, maana dawa zangu ndo nilikua naogopea kuliko hata hiyo hela.

Halafu akaniandikia yote, na hii ndo sababu ya nyota 4. Saa 15 kwa wiki ni kama 1,040 kwa mwezi, haigusi chochote. Saa 20 ni kama 1,386, inakula miezi ya majaribio lakini iko chini ya 1,620. Saa 25 ni kama 1,733, hapo majaribio yakiisha umeshapita. Oktoba bosi alipotaka niongeze nifike 25 majaribio yalikua yameisha, nikafungua hiyo karatasi nikamwambia naweza 22, akakubali. Hizi namba ni za 2025, kila Januari uliza upya.

Sasa malalamiko. Nilingoja wiki 5 kupigiwa simu, kazi ikakaribia kupewa mtu mwingine. Na jirani yangu, mzee Mkongo, yeye yuko kwa SSI, zile pesa za wazee na walemavu wenye kipato kidogo, ambayo hesabu yake ni tofauti kabisa, dola 85 za kwanza hazihesabiwi halafu wanapunguza nusu ya zinazobaki, kwa hivo akipata 585 wanamtoa 250 tu. Mzee wa watu alipopiga akaambiwa atafute mjukuu amtafsirie. Mtoto wa miaka 13 ndo atafsiri mambo ya kodi ya nyumba ya babu yake? Tulipopiga tena mimi na yeye tukasema mkalimani wa Kiswahili tangu mwanzo, akapatikana kwa simu siku hiyo hiyo na hakulipishwa. Kwa hivo ukipiga, anza na hilo.